Mwaka wa Maendeleo ya Kuridhisha

Mama Nisha alifariki mwaka jana, masika ikiwa imechelewa na Nakuru nzima ikinuka vumbi la ziwa. Mwanawe wa kiume alinipigia simu mwenyewe, akaniambia siku ya maombi, nami nikavaa leso nyeupe kichwani nikaenda. Sebule ya ile nyumba ya Milimani ilikuwa imeondolewa viti vyote, mashuka meupe yametandazwa sakafuni ukuta hadi ukuta, na picha yake imevishwa shada la maua ya manjano. Joyline alikuwa amefika kabla yangu. Alisogea bila kunitazama, kama alivyokuwa akisogea zamani kwenye kitanda chetu chembamba, nami nikaketi kando yake tukasikiliza wanawake wakiimba kwa lugha ambayo hatukuwahi kuijua lakini tuliizoea. Baadaye, chai ikipitishwa, mjukuu mmoja wa marehemu, msichana aliyekuja kutoka ng'ambo, akatuuliza kama tulisoma pamoja. "Ndiyo," Joyline akajibu. "Mwaka mmoja tu," nikasema mimi. Joyline akanigeukia. Yeye siku hizi ni mkuu wa maabara ya hospitali kubwa, watu humwita madam, na bado ana ile tabia ya kukutazama mpaka ukajirekebisha. Sikujirekebisha. Ilikuwa mwaka mmoja, na mwaka wenyewe ulinifanya nilivyo.

Ulianza Septemba ya mwaka wa elfu mbili na saba, mbele ya ubao wa matangazo. Chuo chetu kilifundisha teknolojia ya maabara, na karibu nusu yetu tulisomeshwa na mfuko mmoja wa ufadhili. Mfuko ule ulikuwa na masharti. Ilibidi uhudhurie robo tatu ya vipindi, wastani wako usishuke chini ya hamsini, na usianguke somo moja mara mbili mfululizo. Ukianguka mara ya kwanza uliwekwa chini ya onyo kwa muhula mmoja. Ukianguka tena ulipoteza ufadhili na nafasi ya chuo kwa pamoja, kwa sababu chuo chenyewe kilifuata kipimo hicho hicho. Kwa Kiingereza cha ofisini jambo hili lilikuwa na jina refu. Pale ubaoni iliandikwa kwamba wanafunzi wafuatao hawajaonyesha maendeleo ya kuridhisha, na sisi tukalifupisha. "Fulani ameshikwa na Maendeleo," tulisema, kama mtu anayesema fulani ameshikwa na malaria. Siku hiyo nilisoma majina kwa haraka, kama mtu asiyejitafuta, na nikajikuta. Somo lilikuwa Takwimu. Nyuma yangu sauti ikasema, polepole sana, "Haki ya Mungu, na mimi niko." Nikageuka. Alikuwa msichana mrefu mwenye sweta ya kijani aliyekuwa akiketi safu ya mwisho darasani, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea.

"Wewe ni wa wapi?" nikamuuliza, kwa kukosa la kusema.

"Olenguruone. Na wewe?"

"Longonot."

"Kwenu kuna joto," akasema, na kwa jinsi alivyolisema, ungedhani hilo ndilo lililosababisha tuanguke.

Msajili wa chuo alikuwa Bi. Awuor, mwanamke mnene mwenye sauti laini, na alituita ofisini wawiliwawili. Mimi na Joyline tuliingia pamoja kwa sababu tulikuwa tumesimama pamoja. Alitueleza masharti upya, akagonga meza kwa kalamu kila alipofika kwenye neno "tena". Tungerudia Takwimu muhula huo, na mwisho wake tungefanya mtihani wa marudio, sapu kama tulivyoiita. "Sapu ni moja," akasema. "Haina ndugu. Mkianguka hapo, hata mimi siwezi kuwashika mkono. Nimeeleweka?" Tukasema ndiyo madam. Nje, chini ya mijakaranda, Joyline akaniuliza kama nilikuwa na mahali pazuri pa kulala. Sikuwa napo. Nilikuwa nakaa na wasichana wanne chumba kimoja, redio haizimwi. Yeye alikuwa amepata chumba cha nyuma kwenye boma la Mhindi mmoja Milimani, na mwenye nyumba alitaka wapangaji wawili, wasichana, wasiopika nyama.

"Wasiopika nyama kabisa?"

"Hata mayai. Lakini kuna amani. Unaweza kusikia mawazo yako."

Hilo ndilo lililonitia hofu. Tangu utoto mimi ni mtu wa miguu, siwezi kukaa. Nilisoma nikitembea, nilikula nikiwa nimesimama, na darasani goti langu lilitikisa dawati mpaka jirani akalalamika. Nilihamia Milimani siku ya Jumamosi nikiwa na begi moja na jiko la mafuta ya taa.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja, na dirisha lililotazama mlango wa jikoni wa nyumba kubwa. Kupitia dirisha hilo nililijua boma zima kabla sijazungumza na mwenyewe. Asubuhi Mama Nisha alipondaponda tangawizi kwenye kinu kidogo cha chuma, na ule mlio ndio uliokuwa saa yetu. Alikuwa mjane, mwembamba kama ufito, na familia yake ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambalo mwanawe aliliendesha na yeye akaliendesha tena kwa simu kutoka jikoni. Alianza kwa Kigujarati, akakasirika kwa Kiswahili. "Hapana, sikiliza! Hiyo misumari si ya mabati, hiyo ni ya mbao! Nani amepanga? Mwambie apange tena!" Jioni aligonga dirisha letu, akatupitishia sahani ya mchele uliopikwa na dengu mpaka ukalegea, na bakuli la maziwa lala. "Kula, beta," alisema, neno analomwita mtoto wake. "Nyinyi nasoma sana, nakula kidogo." Ukweli ni kwamba tulikula vizuri, ila mara moja kwa wiki tulitoroka hadi karibu na stendi kula mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kisha tukatafuna majani ya mnanaa njia yote ya kurudi. Nina hakika alijua. Siku moja alituletea mnanaa mwenyewe, fungu zima.

Mwalimu wa Takwimu alikuwa Bw. Wafula, mrefu, mikono ya shati imejaa chaki hadi viwikoni. Alipenda kusema kwamba takwimu si hesabu, ni umbea uliopimwa. Darasa lote lilicheka isipokuwa sisi wa Maendeleo, ambao hatukuona cha kuchekwa. Mimi nilikuwa mwepesi kuelewa na mwepesi zaidi kuacha. Nilikuwa nimefika swali la tatu kabla sijamaliza la kwanza. Joyline alikuwa kinyume changu. Alikaa na swali moja jioni nzima kama mtu anayemsubiri ng'ombe azae. Kwa hiyo tukagawana kazi, mimi nikizunguka chumba nikieleza, yeye akiketi akiandika. Naikumbuka siku alipoelewa kwa nini haitoshi kujua wastani peke yake, ni lazima ujue pia jinsi vitu vilivyotawanyika. Nilikuwa nimejaribu njia tatu. Ghafla akaweka kalamu chini.

"Ni kama mbuzi za mama," akasema. "Ukiuliza mbuzi ziko wapi, unaambiwa ziko bondeni. Ni kweli. Lakini kuna moja imeingia kwa jirani, na hiyo moja ndiyo italeta kesi."

"Sasa hiyo ndiyo uandike kwa sapu!"

"Naandika mbuzi?"

"Andika yoyote. Umeelewa."

Oktoba na Novemba hakukuwa na mahali pa kuikimbia siasa. Magari ya kampeni yalipita barabara ya juu yakipiga muziki, na Joyline akafunga dirisha, nami nikalifungua kwa sababu sikuweza kupumua. Kwa muuza mboga, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, watu waliongea kwa sauti ya juu halafu, ukikaribia, wakapunguza na kukuuliza jina. Jina la pili, si la kwanza, kwa sababu la pili ndilo lililotaja kabila lako. Mara moja nilimsikia Mama Nisha akimwambia mwanawe, kwa Kiswahili kwa sababu alikuwa amekasirika, "Agiza kufuli. Mwezi huu watu nanunua kufuli." Mimi na Joyline hatukuizungumza. Si kwamba tulikubaliana tusiizungumze. Tulikuwa na sapu, na sapu ilikuwa kubwa kuliko nchi. Chuo kilifungwa mapema kwa ajili ya uchaguzi, na sapu yetu ikasogezwa hadi Januari. Joyline akapanda kwao na daftari lake la Takwimu kifuani. Akaniambia, "Usizunguke sana. Kalia kiti." Nikamwambia asilale juu ya daftari.

Yaliyofuata, matokeo ya kura yalipopingwa na majirani wakageukiana, yanajulikana na kila mtu aliyekuwa Bonde la Ufa, na kila mtu ana yake. Mimi nilikuwa nimeteremka Longonot kupiga kura, nikarudi Nakuru mwanzoni mwa Januari kwa sababu nilifikiri sapu ingefanywa. Haikufanywa. Mji ulikaa umeinamisha kichwa wiki kadhaa, halafu Januari ikielekea kuisha ukawaka. Kutoka Milimani tulitazama moshi ukipanda upande wa chini, ukainama kufuata upepo wa ziwani. Mama Nisha alikuja mlangoni kwangu akiwa amebeba mto wa kulalia. "Wewe nakuja ndani," akasema. Nikalala chumba cha binti yake Nisha, aliyeolewa ng'ambo, kati ya mabango ya waigizaji na dubu wa pamba, na mchana nilitembea kwenye kibaraza cha nyuma, mwisho hadi mwisho, mpaka yeye akaniwekea kazi. Alinipa ungo wa mchele nichague mawe. Nilichagua nikitembea. Hakuniambia niketi. Alisema tu, "Mume wangu pia alikuwa hivi. Miguu nafikiri kabla ya kichwa."

Nchi ilipoanza kutulia kidogo, chuo kikafunguliwa, na siku ya kwanza tangazo likawa ubaoni. Wote wenye sapu wangeifanya Jumatatu ya wiki iliyofuata. Asiyefika angehesabiwa ameanguka. Nilisoma tangazo lile nimesimama karibu peke yangu. Uwanja ambao kwa kawaida ulijaa ulikuwa na watu wachache, na hao wachache hawakuwa wakicheka. Nikampigia Joyline. Simu ilikuwa ikishika mtandao tu akipanda kilima nyuma ya kwao, kwa hiyo ilinibidi nisubiri mpaka yeye aone kwamba nimemtafuta.

"Tabi, hiyo barabara siwezi kupita," akasema. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. "Mjomba alijaribu kupitia Molo, akarudishwa. Na hata nikifika hapo Nakuru, nitapita wapi na hili jina langu?"

"Wanasema usipokuja ni sifuri."

"Basi ni sifuri," akasema.

Sikulala kitini wala kitandani. Asubuhi nilikuwa ofisini kwa Bi. Awuor kabla hajafungua dirisha, na nikagundua kwamba hakuwa ametokea nyumbani kwake, alikuwa analala pale pale. Nyuma ya kabati la faili niliona godoro limekunjwa, sufuria, na viatu vya watoto vimepangwa. Alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba aliyopanga, na ilikuwa na watu wengine sasa. Sikujua niangalie wapi. Nikaeleza habari ya Joyline kwa haraka, nimesimama.

"Tabitha, mimi sikuandika hiyo sheria."

"Najua, madam."

"Wafadhili wanaangalia. Wakiona tumelegeza kwa mmoja, watatuuliza kwa nini si kwa wote. Wakitoka, nyote mnaenda nyumbani."

"Lakini yeye hajakataa kusoma, madam. Ni njia imekatika."

"Kila mtu njia yake imekatika!" akasema, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti. Kisha akafuta uso kwa kiganja na kuniambia nimtafute Bw. Wafula, kwa sababu mwenye kutahini ni mwalimu, si yeye.

Nilimkuta Bw. Wafula akifunga magodoro juu ya gari lake. Alikuwa akiwapeleka wanawe kwao magharibi, kwa msafara wa magari yanayosindikizwa na polisi kupitia Kericho, ambao ungeondoka mwishoni mwa wiki. Alinisikiliza huku akivuta kamba. Nilipomaliza, akauliza jambo moja tu. "Anaweza kufika Kericho?" Sikujua. Nikakimbia hadi mahali penye kadi za simu, nikapiga, nikasubiri, nikapigiwa. Mjomba wake alikuwa na gari la kubeba maziwa linaloteremka upande wa Bomet, na kutoka huko kufika Kericho hakukuwa na wa kumuuliza jina. Nikarudi nikikimbia. Bw. Wafula akaja nami hadi ofisini, mikono imejaa vumbi la kamba, akamwambia Bi. Awuor kwamba mtihani ni ule ule, ataubeba umefungwa, atausimamia mwenyewe kwa muda ule ule, na ataurudisha umefungwa.

"Na wakiniuliza?" Bi. Awuor akasema.

"Waambie ulifanywa mbele ya msimamizi. Kwani si kweli?"

Bi. Awuor akautia mtihani ndani ya bahasha. Helikopta ilipita juu, sote watatu tukatazama dari, na ilipokwisha kupita akachukua mhuri akaugonga kwa nguvu kama mtu anayeua mdudu.

Zilibaki siku chache nazo tukazitumia kwenye simu. Joyline alipanda kilima na daftari, mimi nikazunguka boma la Mama Nisha na langu, nikimsomea, naye akirudia. "Ile alama ni gani? Ile ya mduara?" "Ile inakaa kama yai lenye mkia." "Mkia unaangalia wapi?" "Kulia!" Mama Nisha, akianika matandiko, alinisikia nikipiga kelele kuhusu mkia wa yai na akatikisa kichwa. Lakini kadi ya simu ilipokwisha, alimtuma mlinzi wake wa lango akanunue nyingine, kisha yeye mwenyewe akaniwekea kwenye ungo wa mchele.

Jumatatu ikafika. Joyline alinisimulia baadaye ya kwake: chumba cha walimu cha shule moja ya msingi huko Kericho, meza yenye madoa ya wino, watoto wa Bw. Wafula wakila mkate nje dirishani, na Bw. Wafula mwenyewe akiwa amesimama mlangoni na saa mkononi. Aliandika hadi dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa chumba kikubwa cha chuo, na wenzangu wachache, na msimamizi ambaye hatukumjua. Niliisoma karatasi yote na moyo ukatulia. Nilijua kila kitu. Nimewahi kujiuliza kama kuna siku nyingine yoyote ya maisha yangu niliyokuwa na uhakika kama huo. Niliandika swali la kwanza, la pili, la tatu, goti likitikisika, kalamu ikienda. Kisha barabarani tairi la lori likapasuka.

Sote tulikuwa chini ya meza kabla mlio haujaisha. Msichana mmoja alianza kuomba kwa lugha ya mama yake. "Ni tairi! Ni tairi tu!" msimamizi akapaza sauti kutoka dirishani, na akacheka, ule mcheko wa mtu aliyeogopa. "Rudini mwandike." Wenzangu wakatoka chini ya meza, wakajipangusa, wakaandika. Mimi nikasimama. Nikaitazama karatasi yangu, ile nusu iliyojaa na ile nusu nyeupe, na sikuweza kuketi. Sijui kulieleza vingine. Magoti yalikataa kukunjika. Nikaiweka karatasi mezani pa msimamizi, nikatoka, nikapita lango, nikatembea hadi Milimani, nikapita nyumba, nikaendelea kupanda barabara ya kuelekea Menengai mpaka nikaona mji wote chini yangu, ukiwa mweusi hapa na pale kama mkate uliosahauliwa jikoni. Hapo nikageuka nikarudi.

Matokeo yalitoka Machi. Joyline alikuwa amepita, tena vizuri. Mimi nilianguka. Aliporudi Nakuru, barabara zikiwa zimefunguka, hakuniuliza kitu. Aliweka begi lake chini, akaniona nimesimama katikati ya chumba, akanishika mabega akanitikisa. "Wewe ndiye ulinifundisha!" akasema, kwa hasira, kana kwamba nilikuwa nimemwibia. Na mimi, ambaye kwa wiki nzima nilikuwa nimejaribu kumfurahia, nilihisi wivu, na furaha pia, vyote viwili pamoja, na sikujua nimwonyeshe kipi.

Sheria iliruhusu rufaa. Nilisimama mbele ya kamati ya watu watatu, Bw. Wafula akiwa mmoja wao, Bi. Awuor akiandika. Kulikuwa na mandazi kwenye sahani ambayo hakuna aliyeigusa. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani, akaniuliza kwa nini niliondoka chumbani.

"Sikuweza kukaa, mwalimu."

"Uliumia?"

"Hapana."

"Ulikuwa umepata habari mbaya ya nyumbani?"

"Hapana. Kwetu walikuwa salama."

"Wenzako waliusikia mlio huo huo, wakaendelea."

"Ndiyo, mwalimu."

Hapo mlango ukafunguliwa na Joyline akaingia bila kuitwa, na sweta yake ya kijani, yeye ambaye darasani hakuwahi kuinua mkono. "Samahani," akasema. "Kama mimi nimepita, yeye ameanguka aje? Kila kitu nilichoandika ni yeye alinipatia." Mwenyekiti akamjibu bila ukali kwamba hiyo ilikuwa hoja ya urafiki, si ya masomo. Bw. Wafula alikuwa akiitazama karatasi yangu. "Ile nusu aliyoandika haina kosa hata moja," akasema. Akaigeuza karatasi upande wake mweupe. "Lakini ni nusu."

Ufadhili ulikatwa. Nafasi ningeweza kuiomba upya baada ya mwaka, nikianza tena, kwa kujilipia. Siku hizi mimi mwenyewe hukaa kwenye kamati ya basari, ule msaada wa karo, ya kata yetu, na yale maneno, maendeleo ya kuridhisha, huja mbele yangu kila muhula na majina ya watoto wa watu chini yake. Wenzangu wanajua kwamba nitauliza. Huyu ameanguka, sawa. Alikuwa wapi alipoanguka? Mara nyingine swali hilo humwokoa mtoto, na mara nyingi halimwokoi, kwa sababu fungu ni dogo na nusu ni nusu. Sijawahi kumchukia yule mzee mwenye miwani. Nilijaribu, mwaka ule, na ikanishinda.

Siku niliyokwenda kukabidhi kitambulisho changu, Bi. Awuor alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikarudi Milimani kufunga begi. Mama Nisha alikuwa mlangoni.

"Nakwenda wapi?"

"Nyumbani, Auntie. Nimemaliza hapa."

"Nyumbani nafanya nini?"

Akaniambia dukani kwake wafanyakazi wawili walikuwa hawajarudi tangu Januari, na mwanawe alikuwa anachanganya misumari. "Pale hakuna kiti," akasema. "Siku nzima watu nasimama."

Kwa hiyo nilibaki chumba kile kile na Joyline, yeye akienda chuoni asubuhi na mimi dukani, na dukani kwa mara ya kwanza miguu yangu ilipata mahali pake. Nilijifunza mabomba, bawaba, saruji, geji za unene wa mabati. Joyline aliendelea kuniletea maswali ya Takwimu jioni, nami nikaendelea kumweleza nikizunguka meza, mpaka alipomaliza kozi yake na mimi kuhamia Gilgil. Diploma yangu mwenyewe niliipata miaka mingi baadaye, ya ujenzi, kwa masomo ya jioni, chuo kingine. Hapo nilipita Takwimu kwa alama ambazo bado humtajia Joyline anaponikera.

Lakini mwaka ule uliisha juu ya lori. Kuanzia Agosti duka lilianza kupeleka mabati na misumari mashambani, kule juu ya Molo, kwa watu waliorudi kwenye viwanja vyao na kukuta kuta tu. Mwana wa Mama Nisha hakutaka kwenda, hivyo nikaenda mimi na dereva wetu Musa, karibu kila wiki, nikihesabu vipande vikishuka. Tulifika kwa wazee, kwa wajane, kwa vijana waliooa jana. Mwanzo nilikuwa nikiruka chini, napokeza mzigo, naruka juu kabla injini haijapoa. Siku moja ya Novemba tulifika kwa mwanamke mmoja ambaye mafundi wake walikuwa wamepiga upande mmoja wa paa na kungoja mabati yetu kwa upande wa pili. Wakapiga tukiwa pale. Msumari wa mwisho ulipoingia, mawingu yakawa tayari yamefunika mlima, na mvua ikaja kwa kishindo, ile ya kule juu ambayo haina utangulizi.

"Mathe, wacha sisi twende kabla barabara iharibike," nikamwambia yule mwanamke.

"Utaenda wapi na hii mvua? Ingia."

Tuliingia sote, mafundi, Musa, watoto, kuku. Ndani mlikuwa na benchi moja la mbao mbichi na moto katikati ya sakafu. Mwanamke yule akanipa kikombe cha chai, akanionyesha benchi. Mvua ilipiga yale mabati mapya kwa kelele kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeongea, na hakuna aliyeuliza. Sikujua jina lake la pili, wala yeye langu. Aliinua uso akatazama paa, pembe hadi pembe, akitafuta tone. Hakukuwa na tone. Nikanywa chai. Nikaegemea ukuta, joto la moto likinipanda miguuni, na bila kujua nilipofikia nikalala, nimeketi, kikombe mkononi. Musa aliniambia baadaye kwamba mvua ilikwisha, mafundi wakaenda zao, na yeye akataka kuniamsha kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Yule mwanamke alimzuia kwa kidole mdomoni. Alikuwa amenitoa kikombe mkononi, akanifunika kwa shuka, akawaambia watoto wake wakacheze mbali.